Bima ya macho kazini: nichukue au niache?

Swali: Naishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Mimi nina miaka 36. Nafanya kazi kwenye ghala la kampuni kubwa, na wiki hii wametupa karatasi za kuchagua bima za mwakani. Bima ya afya tunayo familia nzima. Sasa kuna karatasi nyingine ya bima ya macho, nimekutumia picha yake: dola 7 kwa mwezi nikijiandikisha peke yangu, dola 14.50 mimi na watoto, dola 21 familia yote. Mimi navaa miwani ya kuonea mbali tangu sekondari na hununua mpya kila baada ya miaka miwili. Mtoto wangu mkubwa ameletewa barua na shule kwamba apelekwe kwa daktari wa macho. Mume wangu ana miaka 47, ana kisukari, na hajawahi kupimwa macho tangu tuje Marekani. Anasema tungoje kwanza tupate bima ya macho. Wenzangu kazini wengine wanasema hii bima ni wizi mtupu, wengine wanasema bila hiyo miwani ni dola 500. Nichukue ipi?

Jibu: Dada yangu, naanza na shemeji, kwa sababu la kwake halingoji karatasi ya kazini. Mwenye kisukari hahitaji bima ya macho ili daktari wa macho amwone. Anahitaji bima ya afya, na hiyo mnayo tayari.

Bima hizi mbili zina majina yanayokaribiana, na hapo ndipo familia nyingi za kwetu zinapokwama. Ugonjwa wa jicho ni ugonjwa kama mwingine wowote wa mwili, kwa hiyo unalipiwa na bima ya afya: kisukari kilichoingia kwenye retina, presha ya macho, mtoto wa jicho, jicho jekundu linalouma, kipande cha chuma kilichorukia jichoni, vimulimuli vya ghafla au pazia jeusi linaloshuka upande mmoja. Kile kinachoitwa bima ya macho kinashughulika na jambo jingine kabisa, nalo ni kupimwa namba ya miwani, fremu, na lenzi. Nafanya kazi ya kupima macho katika nchi hii, na hakuna kinachoniuma kama kumpokea mgonjwa wa kisukari aliyekaa nyumbani miaka akingoja "bima ya macho", huku kadi ambayo ingemlipia iko kwenye pochi yake siku zote hizo.

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mishipa mingine huvuja, mingine huziba, kisha huota mipya ambayo ni dhaifu na hupasuka kirahisi. Ubaya wake ni kwamba miaka ya mwanzo hakuna maumivu, na mtu anaweza kusoma herufi zote za ubaoni huku uharibifu unaendelea. Ndiyo sababu Chama cha Kisukari cha Marekani kinaelekeza mwenye kisukari cha aina ya pili achunguzwe retina mara tu anapogundulika kuwa na ugonjwa, halafu aendelee kuchunguzwa kila mwaka au kwa ratiba atakayopangiwa na daktari wake. Tatizo likionekana mapema kuna leza, na kuna sindano za dawa zinazochomwa ndani ya jicho, na zote zinasaidia sana kulinda uoni uliopo. Uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi.

Sasa namna ya kupiga simu, maana hapa maneno yana uzito. Shemeji, au wewe kwa niaba yake, ataje kisukari kabla ya kutaja miwani. Mtu wa mapokezi akisikia "nataka kupimwa miwani", ataomba bima ya macho, na mkisema hamna, atawatajia bei ya kulipa taslimu. Akisikia "nina kisukari na nataka retina ichunguzwe", ataomba kadi ya bima ya afya. Ofisi ni ile ile, daktari ni yule yule, na mara nyingi hata kiti ni kile kile. Ulizeni pia kama ofisi hiyo imo kwenye orodha ya bima yenu ya afya, kwa sababu si kila duka la miwani lina mkataba nayo. Mtalipa kopei, yaani ule mchango wenu wa papo hapo mnaotoa mkimwona daktari bingwa, au kama bima yenu ina kiasi cha mwaka ambacho lazima mkilipe wenyewe kwanza, uchunguzi utaingia humo.

Bili ikija, isomeni mstari kwa mstari. Kuna mstari wa uchunguzi wa jicho lenyewe, na mara nyingi kuna mwingine wenye namba 92015. Huo wa pili ni ile kazi ya kumbadilishia mtu vioo akiulizwa "hiki au hiki, kipi bora?" ili ipatikane namba ya miwani. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipii mstari huo, na bima nyingi za afya hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo msishangae mkidaiwa makumi ya dola kwa ajili yake hata kama yaliyobaki yote yamelipwa. Kama shemeji hataki miwani siku hiyo, aseme mapema kwamba anataka uchunguzi wa retina tu, na mstari huo hautakuwepo.

Tena ningependa asiutake kwa sasa kama sukari yake inapanda na kushuka. Sukari ikiwa juu, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho hubadilika umbo na namba ya miwani hubadilika nayo. Mtu hupimwa leo, akapewa miwani, na baada ya wiki chache dawa zikishaituliza sukari, miwani ile inamletea ukungu. Sukari itulie kwanza wiki kadhaa ndipo apimwe. Kama anachosumbuliwa nacho ni kuisogeza simu mbali ili asome ujumbe, huo ni umri tu, na humpata karibu kila mtu baada ya miaka 40. Miwani ya kusomea ya duka la dawa, ile ya dola 10 au 20 yenye +1.50 au +2.00, haimdhuru. Isimfanye tu aone kwamba macho yake yameshapimwa.

Nyongeza ndogo kuhusu shemeji, nayo inakuhusu na wewe ukifika 40. Presha ya macho huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na haina dalili mpaka imekula sehemu kubwa ya uoni wa pembeni. Jumuiya ya madaktari bingwa wa macho wa Marekani inapendekeza kila mtu mzima apate uchunguzi kamili afikapo miaka 40. Kama kuna mzazi au ndugu aliyepofuka huko nyumbani na mkaambiwa "ni presha ya macho", mwambieni daktari, maana historia hiyo ya ukoo ni sababu ya kitabibu ya kumchunguza mtu.

Sasa turudi kwenye karatasi yako.

Bima kwa maana yake ya kawaida ni kinga ya janga usilolijua. Unalipa kidogo, na gari likigongwa au ukilazwa, hulipi mamilioni. Bima ya macho ya Marekani haifanyi kazi hiyo. Hakuna janga ndani yake, maana wewe unajua tayari kwamba utahitaji miwani, na kampuni nayo inajua. Inafanana zaidi na bando la simu: umelipa kabla, una kiasi chako cha matumizi, kina tarehe ya mwisho, na usichotumia kinapotea. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: bando hili linanipa zaidi ya ninacholipa, kwa vitu ambavyo ningevinunua kweli?

Waliotoka Kenya huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu bima nyingi za waajiri kule huweka macho na meno kama vipengele ndani ya bima ile ile ya afya, kila kimoja na kikomo chake. Hapa vimetenganishwa tangu zamani. VSP, mojawapo ya kampuni kubwa za bima ya macho, ilianzishwa mwaka 1955 huko Oakland, California, na wapima macho wenyewe. Sheria ya afya ya mwaka 2010, ile wanayoiita Obamacare, iliweka macho ya watoto kwenye orodha ya huduma kumi za lazima, ikayaacha ya watu wazima nje. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwa watoto.

Karatasi yako inasema hivi: kupimwa ni dola 10 mara moja kila miezi 12. Lenzi za kawaida ni dola 25 kila miezi 12. Fremu inalipiwa hadi dola 150 kila miezi 24, na ikizidi hapo unapunguziwa asilimia 20 ya kile kilichozidi. Mipako ya kuzuia mng'ao ni dola 45. Lenzi za polikaboneti, zile zisizovunjika ovyo, ni bure kwa watoto. Ukipenda lenzi za kuvaa ndani ya jicho, unapata hadi dola 130, lakini badala ya miwani. Neno hilo "badala" limewaumiza wengi: wanadhani watachukua vyote viwili, halafu dukani wanaambiwa wachague kimoja.

Tuchukue hali yako ukiwa peke yako, kwa miaka miwili, kwa kuwa ndio mzunguko wako wa kununua miwani. Makato ni dola 7 mara miezi 24, yaani 168. Kupimwa mara mbili, 20. Umependa fremu ya dola 180: bima inabeba 150, inabaki 30, inapunguzwa asilimia 20, unalipa 24. Lenzi 25. Mipako ya kuzuia mng'ao 45, na kwa mtu anayeendesha gari usiku nakushauri uichukue. Jumla ni dola 282.

Bila bima, kwenye duka lile lile, kupimwa mara moja tuseme dola 90, kwa sababu mtu mzima wa umri wako asiye na ugonjwa anaweza kwenda kila baada ya miaka miwili. Fremu ni ile ile ya 180, na lenzi na mipako yake tuseme 150. Jumla 420. Mwenzako anayesema bima inaokoa pesa, hapo anasema kweli.

Lakini hebu ubadilishe duka. Unapimwa kwa dola 90, unachukua cheti chako cha namba za miwani, unakwenda kuagiza kwenye duka la mtandaoni, ambako miwani kamili ya kuonea mbali, ikiwa na mipako yake, inapatikana kwa dola 95 na hata chini ya hapo. Jumla dola 185. Sasa bima imekuwa ghali kwa karibu dola 100, na mwenzako anayesema ni wizi naye ana hoja. Wote wawili wanapiga hesabu sahihi, ila kila mmoja ana duka lake kichwani.

Jambo hilo watu wengi hawaambiwi. Punguzo la bima ya macho hupimwa kwa bei ya dukani, na bei ya dukani inapangwa na watu ambao wakati mwingine ndio wenye bima. EyeMed, kampuni nyingine kubwa ya bima ya macho, ni mali ya EssilorLuxottica, na kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye LensCrafters, Pearle Vision na Target Optical, ndiyo inayotengeneza Ray-Ban na Oakley, na ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa lenzi duniani. VSP nayo ina maduka ya Visionworks na kampuni ya fremu ya Marchon. Ni biashara halali kabisa. Ila ukiambiwa "umeokoa dola 200 leo", jiulize 200 hizo zimepunguzwa kutoka bei ya nani.

Haki inayokupa nguvu hapa ni ya zamani kuliko wewe. Tangu mwaka 1978 kuna kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, inayomlazimu anayekupima macho kukukabidhi cheti chako cha namba za miwani mara tu anapomaliza kupima, bila kukutoza zaidi, na bila kukulazimisha ununue kwake. Mwaka 2024 kanuni hiyo iliongezewa makali: ofisi inayouza miwani inapaswa kukutaka usaini kuthibitisha kwamba umepewa cheti chako. Lenzi za ndani ya jicho zina kanuni yao ya tangu 2004. Kwa hiyo unaweza kabisa kutumia bima kupimwa kwa dola 10 hapa, ukaondoka na cheti, ukanunue kwingine. Usione aibu. Wauza fremu watakuuliza "unataka kuangalia mpya zilizoingia?" huku wakikuelekeza kwenye rafu, na wewe unaruhusiwa kusema asante na kutoka.

Kitu kimoja huwa hakimo kwenye cheti, nacho ni umbali wa mboni hadi mboni, ambao duka la mtandaoni litauhitaji. Kanuni ya serikali kuu hailazimishi ofisi kukupa. Omba kwa adabu wakati bado umekaa kwenye kiti cha kupimiwa, wengi wanatoa. Wakikataa, mtu anaweza kukupima nyumbani kwa rula ya milimita, wewe ukiwa unatazama mbali. Watu wazima wengi wanakuwa kati ya 54 na 74. Kama namba zako ni kubwa, tuseme kupita -6.00, au kama una lenzi zenye sehemu ya mbali na ya karibu, hapo ningekuambia ununue kwa fundi anayekupima uso kwa uso. Lenzi ya namba kubwa ikikaa nje ya mahali pake kwa milimita chache tu inaumiza kichwa, na duka la mtandaoni haliwezi kukukalishia fremu puani.

Dukani utakutana pia na picha ya retina, kwa kawaida kati ya dola 30 na 45, ambayo bima ya macho mara nyingi hailipii. Wanaileta kana kwamba ni sehemu ya kipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya ni hiari. Kwa shemeji isikubaliwe kuwa mbadala wa uchunguzi kamili wa kupanuliwa mboni kwa dawa ya matone, labda daktari mwenyewe aamue vingine. Na ile asilimia 15 ya kupunguziwa upasuaji wa leza unaoondoa miwani, iliyoandikwa kwa herufi kubwa chini ya karatasi yako, ni punguzo la duka tu. Usiihesabu.

Sasa watoto, na hapa ndipo uamuzi wako ulipo.

Kwanza uliza ofisi ya rasilimali watu: "Bima yetu ya afya ina macho ya watoto ndani yake?" Lile sharti la Obamacare nililolitaja, la macho ya watoto hadi miaka 19, linabana bima zinazonunuliwa na mtu binafsi na za waajiri wadogo. Mwajiri mkubwa kama wako halazimiki, ingawa wapo wanaoweka. Pili, kama watoto wako wako kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, jambo la kawaida hata pale wazazi wana bima ya kazini au wanaingiza kipato cha wastani, basi simama hapo hapo: Medicaid inalipia kupima macho na miwani kwa kila aliye chini ya miaka 21, nchi nzima. Kuwalipia tena ni kutupa pesa. Lakini umesema bima ya afya ni ya familia nzima kupitia kazini, kwa hiyo naendelea nikichukulia kwamba hawako Medicaid na kwamba macho hayamo.

Barua ya shule uichukulie kwa uzito wake. Kipimo cha shule ni cha kuchuja. Muuguzi anamsimamisha mtoto mbele ya ubao kwa dakika chache, na aliyeshindwa anatumwa kwa daktari wa macho. Mtoto wa miaka 9 anayeanza kutoona mbali kwa kawaida anaendelea kubadilika mwaka hadi mwaka mpaka ujana wake unapokaribia kuisha, maana jicho linarefuka kadiri anavyokua. Kwa hiyo lenzi mpya kila mwaka ni jambo la kutegemea, na fremu kuvunjika kwenye uwanja wa mpira pia. Na wa miaka 6 apimwe hata kama shule haijasema lolote. Jicho moja likiwa zito, yaani haliona vizuri kama jingine, mtoto halalamiki, kwa sababu hajui kwamba wengine wanaona tofauti, na matibabu ya jicho zito hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo.

Tupige hesabu ya mwaka mmoja kwa kiwango cha mimi na watoto. Makato ni dola 174. Vipimo vitatu, 30. Miwani ya mkubwa, fremu isiyozidi 150: lenzi 25, polikaboneti bure. Miwani yako kama tulivyohesabu, 94. Jumla 323. Bila bima, kwa njia ya bei nafuu kabisa, vipimo vitatu kwa dola 90 ni 270, miwani ya mtoto ya mtandaoni tuseme 60, yako 95, jumla 425. Kwa bei ya dukani mngefika kwenye 750. Mwaka huu, kwa familia yako, bima inashinda hata ile njia ya bei nafuu, na inashinda kwa sababu ya vipimo vitatu kuliko miwani. Bei za vipimo na miwani bila bima ni makisio yangu, kwa hiyo piga simu sehemu mbili hapo Columbus uweke namba zako mwenyewe, lakini sidhani jibu litageuka.

Tena dola 174 haziumi kama zinavyoonekana. Makato ya bima ya macho kazini kwa kawaida yanatoka kwenye mshahara kabla ya kodi. Mtu anayelipa kodi ya mapato ya serikali kuu ya asilimia 12, pamoja na ile asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare, anaokoa karibu dola moja katika kila tano. Kwa hiyo mfukoni zinatoka kama 140.

Hapo hapo niseme habari ya FSA, kwa sababu ndiyo mpinzani wa kweli wa bima ya macho na watu wanairuka. Ni akaunti ya mwajiri unayowekea pesa kabla ya kodi kwa matumizi ya afya, na miwani, lenzi za jichoni, kupimwa macho na hata upasuaji wa leza vimo. Punguzo la kodi ni lile lile, ila unanunua popote upendapo na hakuna anayekuwekea kikomo cha fremu. Kiasi chote ulichoahidi kwa mwaka kinapatikana siku ya kwanza, hata kama umekatwa mara moja tu. Ubaya wake ni kwamba pesa isiyotumika hupotea mwaka ukiisha, au mwajiri anakuruhusu kuvusha sehemu yake tu. Kama una HSA, ile akaunti ya akiba ya matibabu, kwenye bima yako ya afya, huruhusiwi FSA ya kawaida, lakini kuna ya aina maalumu ya meno na macho peke yake. Kwa mtu mzima mmoja anayenunua miwani ya bei nafuu kila miaka miwili, FSA ndogo ningeipendelea kuliko bima ya macho. Kwenu, tumia zote mbili ukiweza: bima ibebe vipimo na miwani ya mkubwa, FSA ibebe kopei na miwani ya akiba ya mtandaoni, kwa sababu mtoto wa miaka 9 anahitaji miwani ya pili nyumbani.

Kwa hiyo chagua kiwango cha dola 14.50, wewe na watoto. Shemeji usimwandikishe mwaka huu. Kumwongeza ni dola 6.50 zaidi kwa mwezi, 78 kwa mwaka, na ninachotaka afanyiwe kinalipiwa na bima ya afya. Sukari ikishatulia, na daktari akisema anahitaji lenzi zenye mbali na karibu kwa pamoja, ambazo dukani hupita dola 200 bila shida, basi mwakani karatasi hizi zikija mwongeze. Kumbuka kwamba ukishasaini huwezi kubadilisha katikati ya mwaka, isipokuwa kutokee jambo kama kuzaliwa mtoto, ndoa, au kupoteza bima nyingine.

Kabla hujasaini, ingia kwenye tovuti ya bima hiyo ya macho, uandike namba ya posta ya mtaa wenu, uone ni ofisi zipi zilizo karibu na kama zinapokea watoto. Ukienda nje ya orodha, karatasi yako inasema watakurudishia dola 45 za kipimo na 70 za fremu, na ni wewe utakayejaza fomu na kungoja hundi. Angalia pia kama ile miezi 12 inahesabiwa tangu siku uliyopimwa au tangu mwaka wa bima unapoanza. Ukipimwa Machi 20 na ukarudi Machi 10 mwaka unaofuata, siku hizo kumi zinaweza kukugharimu kipimo kizima.

Na simu ya shemeji ipigwe wiki hii. Kiasi chenu cha mwaka cha bima ya afya kinaanza upya bima ya mwakani ikianza, na kwa waajiri wengi hiyo ni Januari 1. Kama kwa dawa na vipimo vyake vya sukari mwaka huu mmeshakifikia au mmekikaribia, retina ikichunguzwa kabla ya Desemba 31 itawagharimu kidogo kuliko ikichunguzwa baada ya sikukuu.